Si Mafuta kwa Mgongo wa Chupa

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tulifundishwa tangu shule ya msingi, tukaikariri, tukaitumia kutia nakshi insha zetu, na wengi wetu sasa tunawafundisha wengine. Hata hivyo, lipo swali ambalo sikumbuki kulisikia darasani hata siku moja. Je, chema kilichofubaa, kilichopigwa na jua na kufunikwa na vumbi kwa miaka na mikaka, kitajiuzaje? Na yule anayekisugua ili wema wake uonekane, tuseme anakitembeza? Katika makala haya nakusudia kulijibu swali hilo, si kwa nadharia za uhakiki ambazo ndizo kazi yangu ya kila siku, bali kwa kazi ya mikono: kung'arisha rangi ya gari nyumbani na kuitia kinga.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 jekundu, la muundo wa familia, alilotuachia marehemu baba. Msomaji aliyekua katika miaka ya themanini na tisini hahitaji kuelezwa habari za gari hili. Yalikuwa yakiunganishwa Mombasa, na yalisafirisha abiria baina ya miji yetu kwa kasi iliyowafanya wengine wasali njia nzima. Baba hakulifanya la abiria. Alikuwa mwalimu, na alilinunua likiwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Kwa gari hilo alitupeleka shuleni, akawapeleka wagonjwa wa mtaa hospitalini usiku wa manane, na akasafirisha majeneza ya jamaa zetu kwenda mashambani. Alipofariki mwaka 2019, gari lilibaki uani kwetu Nakuru, chini ya mjakaranda, likiendeshwa mara moja kwa wiki ili betri isife.

Mwaka 2023 kitindamimba wetu alipata nafasi katika chuo cha uuguzi. Karo ya muhula wa kwanza ilitakiwa kabla ya mwezi Septemba. Mama, ambaye pensheni ya marehemu ilikuwa haijamfikia kwa ukamilifu, alitukusanya jioni moja akatuambia kwa sauti tulivu kwamba gari litauzwa. Hakuna aliyempinga. Alipatikana mwalimu mmoja mstaafu apendaye magari ya zamani. Alikuja, akalizunguka gari mara mbili, akapitisha kiganja juu ya boneti. Kiganja kikatoka na unga wa waridi kama chaki ya darasani. Injini ilimridhisha, lakini kwa rangi ile alikata bei kwa shilingi 60,000. Hizo zilikuwa takriban karo yote tuliyoihitaji. Alituachia juma moja tufikirie.

Kwenda gereji hakukuwezekana. Ipo gereji moja mjini, ambayo sitaitaja, iliyotutaka shilingi 22,000 kwa kazi ya kung'arisha. Baba alikuwa amewahi kuwapa kazi hiyohiyo miaka mingi iliyopita, wakamrudishia gari lenye alama ya kuungua kwenye ukingo wa boneti, mahali ambapo mashine yao ya kuzunguka kwa kasi ilikuwa imekula rangi hadi chini. Mimi na ndugu yangu mdogo tukaamua kuifanya kazi wenyewe. Vifaa vyote, yaani ndoo, sponji, vitambaa, polishi na nta, vilitugharimu shilingi 4,600.

Kabla ya kushika kitambaa, yafaa mtu ajue adui wa rangi ni nani. Adui wa kwanza ni jua. Mionzi ya urujuanimno huvunjavunja gundi inayoshikamanisha chembechembe za rangi, na hewa nayo huikamilisha kazi kwa kuioksidisha ngozi ya juu. Rangi nyekundu za zamani huathirika upesi: hupauka, zikawa za waridi, kisha zikawa unga. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta, tena katika miji iliyo juu kama Nakuru na Nairobi, tunapata mionzi hiyo kwa wingi kuliko watu wa nchi za mbali na Ikweta, kwa sababu hewa iliyo juu yetu ni nyembamba na jua husimama karibu na utosi mwaka mzima. Adui wa pili ni kinyesi cha ndege. Kina asidi, na kikiachwa juani huchora rangi alama isiyotoka kwa maji. Wa tatu ni vumbi, ambalo mtu akilipangusa kavukavu kwa kitambaa, kila punje huwa kisu kidogo. Na mjakaranda, pamoja na uzuri wake wote wa zambarau, hudondosha maua na utomvu unaonata. Mti uliotupa kivuli miaka yote hiyo ndio pia uliotuchafulia paa.

Jambo la pili la kujua ni aina ya rangi. Magari mengi ya kisasa yana matabaka kadhaa: praima juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha vanishi angavu ambayo mafundi wetu huiita klia. Unene wa matabaka yote haya ni takriban maikromita 100 hadi 150, na klia peke yake huwa kama maikromita 40 au 50, pungufu ya unene wa unywele wa kawaida wa kichwani. Magari ya zamani ya rangi isiyo na chembechembe za metali, kama lile letu, aghalabu hayana klia. Rangi yenyewe ndiyo ngozi ya mwisho. Njia ya kutambua ni rahisi. Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hakuna klia. Chetu kilitoka chekundu kama kilichofungiwa jeraha. Ndugu yangu alishtuka akidhani tumeliharibu, nikamweleza kuwa ile ni rangi iliyokwisha kufa, na chini yake ipo iliyo hai.

Neno kuu katika kazi hii ni kwamba kung'arisha ni kupunguza. Wengi hudhani polishi huongeza kitu. La hasha. Polishi ina chembe ndogondogo za kukwaruza ambazo huondoa ngozi iliyochakaa na kusawazisha mikwaruzo ili mwanga urudi kwa unyoofu. Kila mara unapong'arisha, unatumia sehemu ya akiba isiyorudi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuanza na polishi iliyo laini kabisa, na kupanda kwenye kali pale tu ambapo ile laini imeshindwa.

Tulianza kwa kuosha, alfajiri, kabla bati halijapata joto. Tulitumia ndoo mbili, moja ya maji ya shampuu ya magari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji, ili mchanga uliotoka garini usirudi garini. Tuliosha kutoka paa kwenda chini, kwa kuwa uchafu mkali zaidi hukaa karibu na magurudumu. Baada ya kukausha, ukipitisha vidole juu ya rangi ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, utahisi vipele ambavyo jicho halivioni: utomvu, lami, vumbi la vyuma. Hivi haviondoki kwa sabuni. Huondolewa kwa kipande cha udongo maalumu, laini kama ule wa watoto wa kufinyangia, ambao huteleza juu ya rangi iliyoloweshwa maji ya sabuni na kuvinyakua vipele hivyo. Udongo huo ukianguka chini hata mara moja, utupe. Punje ya changarawe iliyoshika humo itachora gari zima.

Kisha tukabandika tepu kwenye kingo za boneti, kwenye mipira ya madirisha na palipoungua, kwa kuwa kwenye kingo rangi huwa nyembamba kuliko kwingineko. Tulifanya kazi chini ya turubai, sehemu moja baada ya nyingine, kila sehemu isizidi futi mbili kwa mbili. Polishi kiasi cha punje tatu za maharagwe kwenye sponji, nguvu ya wastani, mikono ikienda kwa mistari inayopandana, kisha kupangusa kwa kitambaa safi kabla polishi haijakauka. Kitambaa hugeuzwa mara kwa mara, maana rangi iliyokufa hujaa upesi. Boneti peke yake ilituchukua saa tatu. Gari zima lilituchukua siku mbili, na jioni ya siku ya pili mabega yetu yalikuwa yakilalamika kwa lugha isiyohitaji mkalimani.

Ilikuwa katika kusugua huko ambapo lugha yenyewe ilianza kunisemesha. Ndugu yangu, anayesomea uhandisi, alidai kwamba kazi kama ile haielezeki kwa Kiswahili, na kwamba bila Kiingereza tungebaki kuoneshana kwa vidole. Nikamwambia tujaribu. Tulipohesabu, tukakuta lugha yetu imetutangulia. Kukatua ni kusugua chombo cha madini mpaka king'ae, na wazee wa pwani walikatua shaba na fedha kabla gari la kwanza halijashushwa Kilindini. Kukwatua ni kusafisha na kuremba, ndiyo maana anayejipamba husemwa amejikwatua. Msasa, ambao leo ni karatasi ya dukani, ulikuwa kwanza jani la mti wa msasa, jani lenye mparuzo lililotumiwa na mafundi kulainishia mbao. Jina la mti likahamia kwenye karatasi, kisha likahamia kwetu sisi wanafasihi tunaposema mwandishi chipukizi amepigwa msasa. Safari ya neno kutoka msituni hadi kwenye tahakiki ni somo zima la semantiki, nami nililipata nikiwa nimepiga magoti kando ya gurudumu.

Utajiri huo ulizidi kudhihirika tulipofika kwenye kutia kinga. Rangi iliyong'arishwa iko uchi. Ikiachwa hivyo, jua litairudia, na kazi yote itakuwa imekwenda na maji. Hufunikwa kwa nta au kwa kinga nyingine. Nta inayosifiwa zaidi ni ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi unaomea kaskazini mashariki mwa Brazili. Hupakwa nyembamba sana, huachwa hadi ifanye ukungu, na kidole kikipita bila kuacha utelezi, hupanguswa. Nta hudumu majuma machache, pengine miezi miwili katika jua letu. Zipo kinga za kisanisi zinazodumu miezi kadhaa, na zipo za silika zinazodumu miaka, lakini hizi za mwisho zina sharti zito: hufungia chochote kilicho chini yake. Ukiziba juu ya mkwaruzo, umeuhifadhi mkwaruzo. Sisi tulichagua nta, kwa sababu ya mfuko wetu na kwa sababu rangi ya zamani isiyo na klia huipokea vyema.

Na hapo nikamkumbusha ndugu yangu kwamba Waswahili wamekuwa wakiyafanya haya kwa vyombo vya baharini tangu kale. Mafundi walitia kalafati, yaani waliziba nyufa za mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta. Wakapaka sifa, mafuta ya papa, ili mbao zisipasuke juani. Na sehemu ya chini inayozama majini wakaipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuikinga na wadudu watoboao mbao. Tena hawakupaka mara moja wakasahau. Chombo kilipandishwa pwani, kikasuguliwa, kikapakwa upya. Aliyebuni neno deheni hakungoja kamati ya istilahi. Alikuwa na chombo cha kuokoa. Ndugu yangu alinyamaza, kisha akauliza kama deheni yaweza kupakwa gari. Tulicheka hadi Mama akatoka jikoni kutazama kulikoni.

Mama hakucheka. Alilizunguka gari polepole, wekundu ukiwa umerudi kama alioufahamu yeye na baba, akasimama kwenye mlango wa kulia wa nyuma. "Hili bonde lilitoka wapi?" akauliza. Tuliangalia, tukaliona nasi. Mlangoni mlikuwa na mbonyeo upana wa kiganja, na chini ya dirisha palikuwa na vilengelenge vidogo vya kutu vilivyokuwa vikitafuna bati kutoka ndani. Rangi iliyofubaa ilikuwa imeyaficha yote hayo. Uso usiorudisha mwanga hauoneshi mabonde. Tulipoung'arisha, taswira ya mti na ya ukuta wa jirani ikajipinda mahali pale pale penye ila, na jicho likaenda huko moja kwa moja. Tulikuwa tumefanya kazi siku mbili kuongeza bei ya gari, na zawadi yetu ikawa kuzianika kasoro zake.

Ndugu yangu alipendekeza tuliegeshe gari upande ule ukielekea ukutani mnunuzi atakapokuja. Mama alimtazama kwa muda. "Gari hili baba yenu hakulipata kwa hila," akasema, "na karo ya mwanangu haitatoka kwenye hila. Mtamwonyesha mlango huo kwanza, kabla hajaona boneti." Sikuwa na la kuongeza. Nilifahamu kwamba karo ya dada yetu ilikuwa imewekwa kwenye mizani, na kwamba Mama alijua hivyo kuliko sisi sote.

Mwalimu mstaafu alipokuja Jumamosi, tulimpeleka kwenye mlango wa kulia. Akainama, akagusa vilengelenge, akauliza maswali mawili kuhusu kutu, kisha akaenda kwenye boneti. Safari hii kiganja chake kilitoka safi. Alisimama kitambo. "Mama," akasema, "watu hunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kila wiki. Mlango huu utanigharimu elfu kumi na tano kwa fundi. Hizo nitazikata. Zilizobaki ni zenu." Hesabu ilikuwa rahisi: kati ya 60,000 alizokuwa amekata mwanzoni, alirudisha 45,000. Kilichopungua Mama alikikopa kwenye chama chake cha akina mama. Dada yetu aliripoti chuoni Septemba.

Wasomi wenzangu, nimelisimulia jambo hili katika jarida letu kwa sababu ninaamini linatuhusu. Katika uhakiki tumebishana miaka mingi juu ya fani na maudhui. Wapo waliofananisha fani na kikombe na maudhui na kinywaji kilichomo. Wapo waliosema kuwa ni pande mbili za sarafu moja. Mimi naomba niongeze rangi ya gari kwenye mjadala huo. Rangi si pambo tu. Bila rangi, bati huliwa na kutu, na gari hufa. Vivyo hivyo fani haipo ili kuyapamba maudhui tu, bali huyahifadhi yasiharibiwe na wakati. Tungo zetu za kale zisingetufikia lau si vina na mizani vilivyozishika vichwani mwa watu. Lakini pia fani njema haifichi ila za mawazo. Huzianika. Shairi lililosafishwa vizuri huonyesha mara moja kama mtunzi alikuwa na la kusema, ilhali lugha iliyofubaa huficha utupu wake vizuri sana. Kwa hiyo mwanafunzi anayesugua tasnifu yake na kugundua mabonde asikate tamaa. Ameanza kuona.

Aidha, kanuni ya kupunguza inatuhusu sisi tunaopenda kusafisha Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Mng'aro uliopatikana ni mkubwa, nao umetuwezesha kusomana kutoka pwani hadi maziwa makuu. Hata hivyo kila msuguo uliondoa kitu: maneno ya Kimvita na ya Kiamu yaliyobeba fasihi ya karne nyingi yakatiwa alama ya lahaja na kusukumwa pembeni. Sisemi kwamba haikufaa kusugua. Nasema tujue kwamba akiba ina mwisho, na kwamba aanzaye na dawa kali hufika kwenye praima kabla hajajua.

Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Hizo ni nta nzuri. Lakini nta hufifia ikiachwa juani, na hotuba za Julai haziwezi kudumu hadi Julai nyingine kama hakuna anayeitumia lugha kueleza kazi za mikono: gari, mtambo, shamba, wodi ya wagonjwa. Dada yangu sasa hunipigia simu kuniuliza namna ya kumweleza mgonjwa mzee mambo ambayo yeye amefundishwa kwa Kiingereza, nasi hukaa tukitafuta neno, na mara nyingi tunalikuta lilikuwapo. Tulitafute basi, kila mmoja katika kazi aliyo karibu nayo. Tusugue kwa kiasi, tuzibe kilicho safi, na mnunuzi akija tumwonyeshe kwanza mlango wa kulia.